Usimwite Dada

Tanti Concilie ukimwita dada, anakupiga. Sitanii. Mimi nimeshakula mwiko wa ugali kichwani, tena mbele ya watu, kwa sababu niliingia jikoni nikasema, "Dada, chai iko wapi?" Mwiko wenyewe ulikuwa wa moto. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi naitwa Concilie," akasema. "Ukishindwa hilo, niite tanti. Ukishindwa na hilo, kunywa maji."

Tanti kwetu ni shangazi, ingawa hatuna undugu; tunaishi tu fleti moja Joubert Park. Yeye ana chumba cha upande wa barabara, mimi na mama yangu tuko cha nyuma, jiko ni la wote. Naitwa Bakiri. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, nikaletwa Johannesburg nikiwa mdogo. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Sasa nina pikapu, nahamisha watu. Kitanda, friji, kochi, nipigie tu simu nakuja. Kukaa sehemu moja siwezi. Mama anasema nilipozaliwa mkunga alinifuta na upupu.

Sasa hili la dada lazima nilieleze, maana ndiyo habari yote.

Kwetu Burundi dada ni dada. Ni mtoto wa mama yako, au mtu unayempa heshima ya mtoto wa mama yako. Lakini nenda Nairobi, nenda Dar, utasikia mtu anauliza, "Dada kashapika?" na hamsemi mtoto wa mama yake hata kidogo. Anamsema msichana wa kazi. Neno ni hilohilo, mdomo ni huohuo. Tanti hakujua.

Alikuwa binti mdogo, wazazi wameuawa vitani, ndugu hana. Familia moja ikamchukua ikaja naye huku, ikamwambia atasomeshwa cherehani. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba akawapanga watoto sebuleni, akawaambia, "Huyu ndiye dada." Tanti anasema siku hiyo alilala anacheka peke yake. Alijiambia, leo nimepata watu wangu. Akafanya kazi kama mtu anayefanya kwao. Mshahara hakuuliza, nani anaomba mshahara kwa ndugu? Rimoti ya geti hakupewa, na hilo hakuuliza. Alilala stoo, pamoja na baiskeli za watoto na mashine ya kukatia majani.

Mpaka akaja mgeni mmoja, akala vizuri, akafuta mdomo, akasema, "Huyu dada wenu mmempata wapi? Na mimi natafuta kama huyu."

"Bakiri," huwa ananiambia, "dada haendi mtu kumtafuta. Nimesimama na sahani zao mkononi, ndiyo najua mimi ni nini pale."

Alipoanza kuuliza habari za kutoka, wakamwambia toka, polisi wako nje wanakusubiri, huna karatasi. Akaogopa. Miaka ikapita, akawalea watoto wale mpaka wakaota ndevu, na wenye ndevu nao wakawa wanamwita "Dada, soksi zangu!" Ukiitwa ndani ya nyumba ile unaitika "Abee!" na unakuja mbio. Kuchelewa kuitika ilikuwa ugomvi.

Alitoka siku ya mapipa. Huku gari la takataka linapita mara moja kwa wiki, kila nyumba asubuhi inasukuma pipa lake nje, na geti ndiyo linafunguliwa. Mama mmoja Mzulu wa nyumba ya jirani alikuwa anasukuma la kwao. Akamsalimia, akamuuliza, "Ngubani igama lakho?" Yaani jina lako nani. Tanti akafungua mdomo, ikatoka "Dada." Yule mama akasema hapana, hilo si jina, nakuuliza jina. Tanti akasimama palepale anatafuta. Anasema ilikuwa kama kupapasa mfuko uliotoboka. Jina lilipopatikana akalisema kwa sauti, mara mbili, halafu akaacha pipa katikati ya barabara akaondoka na kandambili zake.

Huyo ndiye tanti wangu. Sasa anauza ndagala, wale dagaa wakavu wa kwetu, na unga wa muhogo, anazungusha kwenye nyumba za watu wetu huko Randburg. Lakini ndagala ni sababu tu. Anakwenda siku ya mapipa. Msichana akitoka na pipa, Tanti anamsalimia, anamuuliza jina. Akijibu Odette, au Mwajuma, au nani, anamuuzia ndagala anaendelea. Akijibu "Mimi ni dada," anarudi wiki ijayo, na ijayo, mpaka siku yule binti anaacha pipa na yeye.

Wengi wamepita jikoni kwetu. Jumapili wanajaa mpaka mimi nakula nimesimama kwenye korido. Kila anayeingia anataja jina lake lote mlangoni, hata kama tunamjua, ndiyo sheria. Na makanisani Tanti anakwenda. Kuna mchungaji mmoja alimpa dakika chache za kutoa neno, akasimama akasema, "Akina mama, na nyinyi akina baba, anayekufulia chupi ana jina. Kama hulijui, usiinue mikono hapa." Eish. Mchungaji akakohoa, kwaya ikaanzishwa kabla hajakaa.

Sasa sikiliza.

Jumatatu nilipigiwa simu na mama mmoja anaitwa Victorine, wa Randburg. Wanahama, mume amepata kazi Luanda, Jumamosi wanaruka. Nikaenda kuangalia vitu. Mrundi mwenzetu, lakini amekulia Nairobi, Kiswahili chake ni cha kule. Mtu wa kucheka, akanipa juisi. Akawa ananizungusha nyumbani ananionyesha kwa kidole.

"Kochi hili linauzwa. Friji inaenda kwa rafiki yangu. Mashine ya kufulia inauzwa. Dada anaenda na sisi. Hiki kitanda ni cha kutupa."

Nikasimama. Umesikia alipomweka? Kati ya mashine ya kufulia na kitanda.

Binti alikuwa kwenye sinki, ana mtoto mgongoni, mvulana wa miaka kama mitatu, mkubwa kabisa wa kutembea. Hakugeuka. Nilimuona shingo tu, na mikono. Mikono ya bibi kizee kwenye mwili wa msichana.

"Dada, mpe kaka maji pia."

"Abee!"

Nikanywa maji na juisi, nikaondoka.

Nyumbani nikamwambia Tanti. Alikuwa anachambua ndagala kwenye sinia, anatoa mawe. Nilipotaja mtaa na geti jeupe lenye simba wawili wa saruji, mkono wake ukasimama.

"Yule mama anaongea Kirundi," akasema.

"Ni Mrundi mwenzetu."

"Nilifika pale. Tangu wakati wa baridi. Yule mama alichukua ndagala, akasema, dada anazipenda hizi. Kwa sauti ya nyumbani kabisa, Bakiri. Yule binti akacheka. Nikajua ni dada." Akaweka chini jiwe alilokuwa ameshika. "Nikajua ni dada yake. Nikasema Mungu awabariki, nikapita. Wiki zote hizi nimekuwa napita."

"Sasa ulitaka ujue vipi?"

"Mimi?" Akajipiga kifua. "Mimi nisijue?"

Akaacha sinia, akaenda kukaa dirishani anaangalia taksi chini. Nimemuona akitukanwa na wanaume, nimemuona akifukuzwa na mbwa, hakuwahi kukaa hivyo. Nikamalizia kuchambua mimi. Vibaya, mawe niliyaacha, lakini nilimalizia.

Mapipa mtaa ule ni Jumatano. Hiyo Jumatano ndiyo ilikuwa imebaki moja tu. Jumamosi binti yuko Luanda, nyuma ya geti lingine, na huko Tanti hana ndagala za kuuza.

Tulifika mapema, jua ndiyo linatoka. Nikaegesha pikapu ng'ambo. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: akitoka namshika mkono, namuingiza, naondoka na moto. Kazi fupi.

"Hapana," Tanti akasema.

"Tanti, Jumamosi..."

"Waliomleta pale walimbeba. Na wewe unataka kumbeba? Hatuibi mtu sisi. Anatoka kwa miguu yake au hatoki. Na hiyo honi ukiigusa, nakuvunja kidole."

Alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa, fundo linafunguka kila mara. Nikakichukua nikamfungia mimi. Mama yangu alinifundisha nikiwa mdogo, kwa adhabu. Tanti akajiangalia kwenye kioo cha pembeni.

"Umenifunga kama mfuko wa viazi," akasema. Lakini hakukifungua.

Geti likasogea. Pipa likatoka kwanza, halafu binti. Na mtoto mgongoni.

Hapo mipango yangu ikafa. Ungemchukua binti na mtoto wa watu mgongoni? Huo ni wizi wa mtoto, hata mimi niliyeacha shule najua. Ungemwambia amrudishe ndani? Akirudi ndani geti linafungwa.

Tanti akavuka na beseni lake la ndagala. Nikamfuata, nimebeba unga wa muhogo kama mjinga.

"Umeamkaje, mwanangu."

"Salama, mama. Leo hatununui. Tunahama."

"Najua. Jina lako nani?"

Binti akaangalia nyuma, dirisha la jikoni.

"Mimi ni dada."

"Na mimi nilikuwa dada," Tanti akasema polepole. "Si mbali na hapa. Nilikuwa nalala stoo. Nikatoka siku kama hii, na pipa kama hili. Kule kwangu kuna kitanda, kuna wenzako. Ukitaka, twende. Usipotaka, nitakupa ndagala za njiani, bure."

Binti akamtazama toka kitambaa mpaka viatu. Nilijua anachofikiri. Watu wengi wamekuja na maneno matamu, hata waliomleta walikuja na maneno matamu.

"Mama Jimmy ni mtu wangu," akasema, akimaanisha Victorine. "Ni Mrundi. Amesema Luanda nitasoma. Na mtoto huyu halali bila mimi." Akamtikisa mtoto mgongoni kidogo, ile ya kumbembeleza, ingawa mtoto hakuwa analia. "Wewe sikujui, mama. Kila mtu anaweza kusema alikuwa dada."

Hapo mimi nikataka kusema kitu. Tanti akanikanyaga mguu.

Alikuwa anatafuta neno na hakulipata. Mwanamke anayenyamazisha wachungaji! Gari la takataka likasikika mtaa wa pili. Binti akashika pipa, akaliweka sawa ukingoni, akageuka kurudi.

Dirisha la jikoni likafunguliwa kwa nguvu.

"DADA!"

"Abee!"

"Abee!"

Wawili. Wote wawili kwa pamoja, sauti ileile, ule mvuto wa mwisho wa mtu anayeanza kukimbia. Binti alikuwa amegeukia nyumbani. Na Tanti, Tanti wangu na mwiko wake, alikuwa ameshapiga hatua kuelekea kwenye geti la watu, beseni limeinama, ndagala zinamwagika.

Akasimama. Akaweka kiganja mdomoni kama mtu aliyetapika mbele ya wageni.

Sijawahi kuona aibu kama ile usoni kwa mtu. Miaka yote, na ile abee bado ipo mle ndani, inasubiri kuitwa. Nilitaka nimfunike na kitu.

Lakini binti alikuwa amemgeukia yeye, siyo nyumba. Anamwangalia tofauti sasa. Akainama, akaanza kuokota ndagala, moja moja, akizirudisha kwenye beseni.

"Ulikaa kwao muda gani, mama?" akauliza chini chini.

"Mpaka nikasahau jina langu."

"Mimi sijasahau."

"Basi niambie."

Binti akaokota ndagala nyingine. Na mtoto, ambaye alikuwa amelaza shavu mgongoni anaangalia ndagala, akainua kichwa. Watoto wa huku Kiswahili wanakielewa chote, wanakujibu Kiingereza. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba huyu si dada, huyu ni Inesi.

"Inès," binti akasema. Machozi yalikuwa yanatoka bila sauti. "Nilimfundisha mimi. Tukiwa wawili tu ndiyo ananiita. Nilitaka awepo mtu wa kuniita."

Victorine akatoka na gauni la kulalia na kandambili. Akaniona.

"We kaka wa pikapu, si tulisema Jumamosi? Na huyu mama wa samaki anataka nini? Dada, ingia ndani, uji wa mtoto unaungua."

Inès akafungua kanga. Alifanya taratibu, mkono mmoja nyuma unamshikilia mtoto asiteleze, kama anavyofanya kila siku. Akamshusha, akamweka mbele, akampangusa makamasi kwa ncha ya kanga. Akambusu kichwani. Halafu akamnyooshea mama yake.

"Mpokee, Mama Jimmy. Uji wake hapendi sukari nyingi. Akilia usiku anataka kushikwa sikio, hivi, siyo kubebwa."

"Unaenda wapi?"

"Nakwenda."

"Unaenda wapi na nani? Mimi nimekutoa nyumbani kwenye shida, nimekulisha, nimekuvisha! Dada yako mimi!"

"Jina langu nani?" Inès akauliza.

Naapa mwanamke yule alifikiri. Ulimuona kabisa anatafuta, macho yanakwenda kushoto, yanakwenda kulia. Hakuwa shetani, na hilo ndilo linaniudhi mpaka leo. Alikuwa mtu tu, mtu wa juisi, aliyekaa na binti nyumbani kwake na hakuwahi kuhitaji jina lake.

"Inesi!" mtoto akapiga kelele, amenyoosha mikono. "Inesi! Inesi!"

Hilo ndilo lilitufuata. Tulivuka barabara na lile jina linatufuata nyuma, mtoto analia mpaka sauti inakatika, na Inès anatembea kama mtu anayetembea ndani ya maji, lakini anatembea. Kwa miguu yake. Tanti alikuwa pembeni yake, hakumgusa. Nilipofungua mlango Inès akapanda mwenyewe.

"Jumamosi usije!" Victorine akanipigia kelele.

"Sharp, mama," nikasema, yaani sawa.

Tulikaa watatu mbele, Inès katikati. Blauzi yake begani ilikuwa bado imelowa udenda wa mtoto, na alikuwa ameweka mkono hapo, ameubana, kama vile pakikauka ndiyo kwisha. Nilitaka kuwasha redio, Tanti akanitazama, nikaacha.

Roboti, yaani taa za barabarani, ya kuingia Hillbrow ilitushika nyekundu. Watu wanavuka, jamaa anauza chaja za simu madirishani. Inès akafuta uso kwa kanga ileile.

"Atalia mpaka lini?" akauliza.

"Leo," Tanti akasema. "Na kesho. Wewe utalia zaidi yake." Akatoa chapati ndani ya mfuko wake, akaikata, akampa nusu kubwa. "Kula. Lia huku unakula, inawezekana, mimi nilifanya."

Inès akala. Akalia. Kweli iliwezekana.

Halafu akasema, mdomo umejaa, "Asante, dada."

Nikashika usukani kwa mikono miwili. Nikajikunja, naapa, nikasubiri kofi litue pale pembeni yangu.

Halikuja. Tanti alikuwa anaangalia nje dirishani, kitambaa changu cha mfuko wa viazi kimelegea kichwani. Roboti ikawa kijani, nyuma wakaanza kunipigia honi, sikuondoka.

"Sema tena," akasema.

"Asante, dada."

"Eee," Tanti akasema. Sauti ilikuwa ndogo sana. "Hivyo ndivyo nilivyolisikia neno hilo siku ya kwanza."

Nikaondoa gari.

Jioni jiko lilijaa. Inès alisimama mlangoni akataja jina lake lote, mpaka la babu, wanawake wakampigia vigelegele, mama yangu akampa kiti changu. Tanti alikuwa kwenye sufuria anasonga ugali, anaimba puani, hata jiwe la ndagala lililomgonga jino alipoonja mboga hakuliuliza. Nikaona leo ndiyo siku. Leo moyo umelainika.

"Dada," nikasema, "chai iko wapi?"

Mwiko ulikuwa wa moto kama zamani.